Kishindo na Sakafu ya Bahari: Milipuko ya Uvuvi kama Ushahidi wa Kihistoria katika Pwani ya Kinondoni na Temeke

Mnamo Machi na Aprili 2015 chombo cha utafiti kilisafiri kufuata pwani ya Tanzania kikikokota haidrofoni, yaani vinasa sauti vya chini ya maji. Lengo la safari lilikuwa kuhesabu nyangumi na pomboo. Wanyama hao walisikika, lakini pamoja nao vilisikika vishindo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 na Gill Braulik na wenzake yanaeleza kuwa katika mwendo wa kilomita 2,692 vilitambuliwa vishindo 318 vilivyoelekea kuwa vya mabomu ya kuvulia samaki. Takriban asilimia 62 vilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, na katika muda wa saa mbili tu vilinaswa vishindo 33.

Yeyote anayeandika leo historia ya uvuvi wa baruti nchini hana budi kuanza na tarakimu hizi, kwa kuwa kabla yake ushahidi mwingi ulikuwa wa masikio ya watu na wa majalada ya kesi. Insha hii haikusudii kuzipinga. Inakusudia kuuliza swali ambalo mwanahistoria huuliza kila anapopewa waraka: nani aliuandika, na ulipitia mikono ya nani kabla ya kumfikia msomaji? Kwa upande wa kishindo cha baharini, mikono hiyo ni maji na sakafu ya bahari. Sauti nzito, yenye masafa ya chini, haisafiri katika bahari ya kina kifupi bila kuigusa sakafu mara nyingi, na katika kila mguso sehemu yake huakisiwa, sehemu hutawanywa na sehemu humezwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sakafu ya bahari iliyo mbele ya Kinondoni haifanani na ile iliyo mbele ya Temeke ya zamani, yaani Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya yake yenyewe. Kwa hiyo ukimya wa upande mmoja na kelele za upande mwingine havipimwi kwa mizani moja.

Ujuzi wa sakafu hii haukuanza na sauti. Manahodha wa pwani walitumia bildi, risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba yenye alama za pima, nao walijua mahali penye fungu, penye tope na penye mwamba. Mabaharia wa Kiingereza waliofika chini ya Kapteni William Owen kati ya 1821 na 1826, wakiwa na meli za Leven na Barracouta, walifanya kazi hiyo hiyo kwa ajili ya ramani. Jina la Leven limebaki hadi leo kwenye fungu lililo kaskazini mwa Unguja. Risasi ya kupimia ilikuwa na tundu chini yake lililopakwa shahamu, ili ilipogota sakafuni iinuke na chembe za mchanga, ganda au tope. Kwa njia hiyo ramani za bahari zikapata herufi ndogo kando ya kila kina, zikieleza aina ya sakafu. Wajerumani waliendeleza upimaji wakati wa ukoloni wao. Meli yao ya upimaji, Möwe, ilizamishwa na wenyewe katika bandari ya Dar es Salaam Agosti 1914, vita vilipoanza, na mabaharia wake wakapelekwa Ziwa Tanganyika. Mtafiti wa sauti asizipuuze herufi hizo za zamani, maana mpaka sasa katika sehemu kadhaa za pwani ndizo maelezo ya karibu zaidi aliyonayo kuhusu kile ambacho sauti hukutana nacho chini.

Mwaka huo huo wa 1914, mbali sana na hapa, sauti ilichukua nafasi ya kamba. Tarehe 27 Aprili Reginald Fessenden, akiwa ndani ya meli ya Marekani iitwayo Miami karibu na Newfoundland, alitoa mlio chini ya maji na kusikia mwangwi kutoka kwenye siwa la barafu, na mwangwi mwingine kutoka sakafuni. Mtambo wake ulitoa mlio wa takriban mitetemo 540 kwa sekunde. Ilikuwa miaka miwili baada ya kuzama kwa Titanic, na hofu ya barafu ndiyo iliyosukuma uvumbuzi huo. Hata hivyo, mwangwi wa sakafu ndio uliodumu zaidi katika matumizi. Kati ya 1925 na 1927 meli ya Kijerumani Meteor ilipima Atlantiki ya Kusini kwa njia hiyo. Katika Bahari ya Hindi kazi kama hiyo ilifanywa na Mabahiss, meli ya serikali ya Misri yenye mabaharia Wamisri, iliyotumika katika Msafara wa John Murray wa 1933 hadi 1934 chini ya uongozi wa Seymour Sewell. Mabahiss ilifika Mombasa na Zanzibar. Kwa ukanda wetu, huo ni mwanzo unaoweza kutajwa wa sakafu ya bahari kujulikana kwa kusikilizwa.

Wapima kina wa miaka hiyo walihitaji jambo moja tu, nalo ni muda ambao mwangwi ulichukua kurudi. Umbo la mwangwi, kurefuka kwake na ukungu wa sauti uliofuata nyuma yake vilionekana kuwa kero. Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyoigeuza kero hiyo kuwa somo, kwa kuwa nyambizi ilijificha ndani ya ukungu huo. Wanafizikia wakalazimika kueleza kwa nini sakafu haiirudishi sauti kama kioo kirudishavyo mwanga. Kanuni ya msingi ilikuwepo tangu Rayleigh katika karne ya 19: ukwaru wa uso haupimwi peke yake, hupimwa kwa urefu wa wimbi na kwa pembe ambayo wimbi linaujia. Katika maji ya pwani yetu yenye joto sauti husafiri takriban mita 1,540 kwa sekunde. Mlio wa hezi 100 una wimbi la zaidi ya mita 15, wakati mlio wa hezi 10,000 una wimbi la sentimita 15 hivi. Tumbawe lenye matawi ya sentimita 30 ni ukuta wa miiba kwa wimbi la pili, lakini kwa wimbi la kwanza ni kama halipo. Zaidi ya hayo, wimbi likija kwa pembe ndogo, karibu sambamba na sakafu, hata uso wenye mabonde huonekana kwake kuwa laini, kama ubao mkwaru unavyong'aa mtu akiutazama kwa mshazari dhidi ya jua.

Mwaka 1961 Kenneth Mackenzie alichapisha vipimo vya mwangwi wa sakafu ya bahari yenye kina kikubwa kwa mitetemo 530 na 1,030 kwa sekunde. Alizilinganisha na kanuni ambayo Johann Lambert aliitunga katika karne ya 18 kwa ajili ya mwanga unaotawanywa na uso usiong'aa. Kanuni hiyo ingali inatumiwa na wengi, na kwa maoni ya mwandishi inatumiwa kupita kiasi, kwa sababu ni rahisi: namba moja hubeba tabia yote ya sakafu. Tatizo lake linadhihirika hasa kwa sauti nzito. Sauti ya masafa ya chini haiishii juu ya mchanga. Huzama ndani yake, hukuta tabaka la udongo mgumu au mwamba wa chokaa uliofukiwa, na hutawanywa na vitu ambavyo mpiga mbizi hawezi kuviona. Mchanga mwembamba uliolala juu ya mwamba wa kale wa matumbawe, hali ambayo ni ya kawaida katika pwani ya Dar es Salaam, kwa macho ni mchanga. Kwa sauti ya hezi 100 ni mwamba uliofunikwa shuka.

Kazi ya mwaka 1948 inastahili kukaliwa kitako zaidi, kwa kuwa inahusu milipuko yenyewe. J. L. Worzel na Maurice Ewing walilipua baruti katika maji ya kina kifupi mashariki mwa Marekani na kuzirekodi sauti zake kwa mbali, naye Chaim Pekeris akaandika nadharia ya kuzieleza. Walionyesha kuwa mlipuko mmoja, ukiwa mbali vya kutosha, haufiki kama kishindo kimoja. Masafa mbalimbali husafiri kwa kasi mbalimbali, kishindo hunyooshwa, na katika kunyooshwa huko mna habari za sakafu iliyopitiwa. Kwa lugha ya mwanahistoria, njia huacha muhuri wake juu ya ujumbe. Ni jambo la kutafakarisha kwamba wataalamu hao walitumia baruti baharini ili waijue sakafu, wakati wavuvi wa Kunduchi na Kigamboni walikuja kutumia baruti baharini pasipo haja ya kujua lolote juu yake, na mawimbi yakatii kanuni zile zile.

Kutoka kwa Pekeris tunapata pia dhana ya kikomo. Maji ya kina kifupi juu ya sakafu ni kama mfereji: wimbi refu kupita kiasi haliwezi kusafiri ndani yake, huvujia ardhini. Tukichukulia sakafu ya mchanga ambamo sauti husafiri mita 1,700 kwa sekunde, maji ya kina cha mita 20 hayapitishi vizuri mlio ulio chini ya hezi 45 hivi. Kina kikiwa mita 10 kikomo hupanda hadi hezi 90, na kikiwa mita 5 hufika karibu hezi 180. Sakafu ikiwa ya mwamba wa chokaa hesabu hubadilika, na hasara nyingine huongezeka, maana sehemu ya nguvu hugeuka kuwa mitikisiko ya upande kwa upande ndani ya mwamba wenyewe. Mabomu ya kuvulia hutupwa juu ya miamba ya matumbawe au kando yake, mara nyingi katika kina cha aina hiyo. Basi sehemu nzito kabisa ya kishindo huzikwa pale pale kilipozaliwa. Kinachomfikia msikilizaji wa mbali ni masalio.

Sasa tutazame pwani mbili zinazohusika. Mbele ya Kinondoni, kuanzia Msasani kupita Kunduchi hadi Mbweni, kuna mlolongo wa visiwa na mafungu: Bongoyo, Pangavini, Mbudya na Fungu Yasini. Vyote vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, miaka mitano baada ya Sheria ya Uvuvi ya 1970, na baadaye vikawekwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Nyuma ya mlolongo huo ni Mkondo wa Zanzibar, bahari ya kina kifupi iliyo juu ya rafu ya bara. Bomu linalolipuka kati ya Mbudya na ufuko wa Kunduchi limezungukwa. Ili sauti yake itoke, yapasa ipite juu ya vina vifupi zaidi ya pale ilipoanzia, na kila kina kinapopungua kikomo cha Pekeris hupanda. Upande wa kusini, mbele ya Mjimwema, Gezaulole na hasa Kimbiji, mambo ni tofauti. Baada ya visiwa vya Sinda na miamba ya karibu, rafu ya bara ni nyembamba na bahari huteremka upesi. Sauti inayoelekea kwenye mteremko hunyooshwa: kila inapogonga sakafu inayoinama huondoka kwa pembe ndogo zaidi, na sasa ina maji mengi ya kupumulia.

Hesabu ndogo itatosha kuonyesha ukubwa wa tofauti hiyo. Mwale wa sauti unaosafiri kwa pembe ya nyuzi 10 katika maji ya mita 20 hugusa sakafu kila baada ya mita 227 hivi, yaani zaidi ya mara 40 katika kilomita 10. Katika maji ya mita 400 mwale huo huo hugusa sakafu mara mbili tu katika umbali huo. Ikiwa kila mguso unachukua hata sehemu ndogo ya nguvu, mabomu mawili yaliyo sawa, moja la Kunduchi na moja la Kimbiji, yataingia katika daftari la msikilizaji aliye nje baharini kama matukio yasiyolingana, au moja litaingia na jingine lisiingie kabisa.

Hapa inafaa kusema kinachofuata na kisichofuata. Haifuati kwamba uzito wa Dar es Salaam katika takwimu za 2015 ni udanganyifu wa sauti. Soko kubwa la samaki lipo, idadi ya vyombo ipo, na baruti iliyokusudiwa machimbo na ujenzi ilikuwa rahisi zaidi kupatikana karibu na jiji. Mwandishi anaamini kuwa kilele kile ni cha kweli. Kinachofuata ni kwamba ndani ya kilele hicho mgawanyo kati ya fuko moja na jingine hauwezi kusomwa moja kwa moja, na kwamba idadi ya jumla ni kiwango cha chini. Vishindo vilivyolipuka ndani ya ua wa visiwa vya Kinondoni vina uwezekano mkubwa zaidi wa kutohesabiwa.

Ugumu huongezeka tunapotaka kulinganisha vipindi. Uvuvi wa baruti nchini umekuwepo tangu miaka ya 1960. Katika miaka ya 1990 ulisambaa, na makala ya Martin Guard na Mwajuma Masaiganah ya mwaka 1997 kuhusu kusini mwa Tanzania yalikuwa miongoni mwa maelezo ya kwanza ya kitaalamu. Hesabu za enzi hiyo zilitegemea wakazi, wavuvi na wapiga mbizi. Lakini sikio lililo ufukweni halisikii alichosikia mpiga mbizi. Uso wa maji ni mpaka mkali, na kwa kawaida ni takriban sehemu moja kati ya elfu ya nguvu ya sauti inayovuka kutoka majini kwenda hewani, isipokuwa chanzo kikiwa karibu sana na uso. Bomu lililorusha maji juu lilisikika kijijini. Lililolipuka chini kidogo, siku ya upepo wa kusi, huenda halikusikika na mtu yeyote isipokuwa aliyekuwa majini, ambaye hulipokea kifuani kabla masikio hayajaamua ni nini. Kwa hiyo kuweka hesabu za masikio za 1996 kando ya hesabu za haidrofoni za 2015 na kuchora mstari kati yake ni kosa la mbinu, hata mstari huo ukipendeza kiasi gani.

Kuna jambo jingine ambalo wanafizikia wa 1948 hawakulazimika kulifikiria: sakafu ya Worzel na Ewing haikubadilika kwa sababu ya baruti yao kwa kiwango cha kuathiri majibu. Ya kwetu ilibadilika. Bomu dogo huvunja matumbawe ndani ya mita moja au mbili, na likirudiwa kwa miaka mingi hugeuza mwamba wenye matawi kuwa uwanja wa vifusi vinavyoviringishwa na mawimbi, ambako chipukizi haliwezi kushika. Kwa sauti ya hezi 100 mabadiliko hayo ni madogo, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Kwa sauti ya hezi 1,500, yenye wimbi la mita moja hivi, ni makubwa: mwamba uliokuwa ukitawanya sauti kila upande sasa ni tandiko la vipande vinavyoitawanya kwa namna nyingine. Tukiongeza mmomonyoko wa fukwe za Kunduchi, uliochochewa kwa sehemu na uchimbaji wa mchanga katika mito inayoulisha ufuko huo, tunapata sakafu ambayo haikuwa ile ile mwaka 1975, 1995 na 2015. Milipuko imekuwa ikihariri chombo kinachoibeba sauti yake.

Pengine ingetarajiwa kwamba utafutaji wa gesi ungelitatua jambo hili, kwa kuwa nao hutumia sauti nzito inayopenya sakafu. Visima vya bahari kuu vilivyofuata upimaji huo tangu 2010 vina majina ya kupendeza ya Pweza, Chewa na Jodari, na kumbukumbu zake ni nyingi. Ila mistari hiyo ya upimaji ilielekezwa kwenye kina kikubwa. Maji ya mita 10 yaliyo mbele ya Ununio au Mbwamaji hayakuwa na faida kwa mtafuta gesi.

Umuhimu wa haya yote si wa kitaaluma tu. Sheria ya Uvuvi ya 2003 ilirithi katazo la mwaka 1970, operesheni za jeshi la majini mwishoni mwa miaka ya 1990 zilituliza bahari kwa muda, na kuanzia 2015 kikosi kazi cha vyombo mbalimbali vya dola kilifuatilia mtandao wa baruti hadi nchi kavu. Mahakamani ushahidi ulikuwa samaki mwenyewe: uti wa mgongo uliovunjika, kibofu kilichopasuka, damu ndani ya nyama. Sauti haimtaji mtu. Hutaja saa na, kwa kukadiria, mahali. Lakini makadirio hayo yakifanywa kana kwamba bahari ni bwawa lenye sakafu moja, kishindo cha nje ya Sinda kinaweza kuhesabiwa kuwa cha karibu kuliko kilivyo, na kijiji ambacho vyombo vyake vilikuwa vimepumzishwa mchangani siku hiyo kikajikuta kimewekewa alama nyekundu kwenye ramani ya doria. Wavuvi wa ngalawa na wa mishipi, ambao ndio walioumizwa kwanza na kuharibika kwa miamba, ndio pia wanaokaa katika vijiji hivyo.

Marekebisho yanawezekana kwa gharama ndogo kuliko inavyodhaniwa, na hayahitaji baruti. Chanzo cha sauti chenye nguvu inayojulikana, kama bunduki ndogo ya hewa, kingeweza kutumiwa katika vituo vichache: ndani na nje ya Mbudya, karibu na Bongoyo, Sinda, na kwenye ukingo wa rafu mbele ya Kimbiji, huku haidrofoni zikisikiliza kutoka pande zote mbili, mara moja wakati wa kaskazi na mara moja wakati wa kusi. Vituo vichaguliwe kwa kufuata herufi za aina ya sakafu kwenye ramani za zamani, na kila kituo kichotwe mchanga upya ili ijulikane kama herufi ingali ya kweli. Kwa vipimo hivyo rekodi za 2015 zingeweza kusomwa tena, kishindo baada ya kishindo, na kila kimoja kupewa eneo ambamo kingeweza kuwa kilitokea, pamoja na orodha ya maeneo ambayo, kama bomu lingelipuka humo siku ile, lisingesikika.